Fize haifichwi: kila jaribio la kurusha litangazwe, lifaulu au lianguke

KAMANYOLA, Kivu ya Kusini. – Leo tunaacha kidogo habari za barabara ya Ngomo na bei ya muhogo sokoni. Tunataka kusema juu ya fize. Si Fizi ya ndugu zetu wa kusini, hapana. Fize, kile chombo kinachowashwa moto na kupanda angani.

Najua wengine watacheka. Watasema: mwandishi wa Kamanyola, umeme hana, maji hana, anaingilia mambo ya anga. Wacheke kwanza, halafu wasome mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili linatugusa kuliko wanavyofikiri.

Huku kwetu tuna maneno mawili. Tuna fize, inayobeba chombo cha kupima hewa au kupiga picha za dunia. Tena tuna roketi, ile ya vita, inayoanguka juu ya nyumba na watu. Mtoto wa miaka kumi hapa bondeni mwa Ruzizi anajua vizuri hilo neno la pili. Lakini ukimwuliza fundi, atakuambia kwamba kwa ndani ni mashine moja: tangi, mafuta, moto unaotokea nyuma, chuma kinachokwenda mbele. Basi raia aliye chini atajuaje kama kilichopita juu yake ni fize au roketi? Atajua kwa njia moja tu: aliyeirusha amemwambia mapema nini kinarushwa, siku gani, kutoka wapi, kuelekea wapi. Na baadaye amemwambia matokeo. Akinyamaza, fize yake ni roketi machoni pa watu, hata kama ndani amepakia panya na kipimajoto.

Tulicho nacho

Wengi hawajui kwamba Kongo imesharusha fize zake. Mhandisi Mkongomani, Jean-Patrice Keka, na kampuni yake DTA walianzisha programu wanayoiita Troposphere. Uwanja wao uko Menkao, kwenye tambarare ya Bateke, mashariki ya mji wa Kinshasa. Mwaka 2007 Troposphere II iliruka. Mwaka 2008 Troposphere IV iliruka, na kampuni ikatangaza kwamba imefika kilomita 15. Mwaka 2009 ikaja Troposphere V, ndani yake panya mmoja. Hiyo ilipoteza njia, ikaanguka, na panya akafa. Kamera zilikuwepo. Picha zikazunguka dunia nzima, na watu wa mbali wakatucheka kweli kweli. Tangu hapo tumesikia habari za Troposphere VI.

Mimi nasema hivi: jambo la heshima kubwa katika historia hiyo yote ni ile siku ya kuanguka, kwa sababu ilionekana. Hakuna aliyeweza kusema kwamba fize ilifika mwezini. Wanafunzi wa ISTA na wa vyuo vingine walipata kitu cha kujifunza: chombo kimetoka mahali pake, kimelala upande, kwa nini? Sasa linganisha na zile kilomita 15 za mwaka 2008. Ni kazi ya kujivunia. Lakini nani mwingine alipima? Hesabu ziko wapi, ili mwalimu wa fizikia wa Bukavu azifungue darasani na kuzirudia? Ushindi usioweza kukaguliwa una thamani ndogo kuliko anguko lililoonekana na wote.

Hofu yangu ni kwamba wakubwa walipata somo la kinyume. Badala ya kusema «tumeanguka, tueleze sababu», wataona kile kicheko na kusema «safari ijayo tusiite kamera». Hapo ndipo tutakuwa tumerudi Shaba.

Shaba, wakati wa Mobutu

Vijana wengi hawajasikia habari hii, na wazee wengi waliisikia kama uvumi tu. Katikati ya miaka ya 1970, kampuni ya Ujerumani Magharibi inayoitwa OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser, ilipewa ardhi na Mobutu kaskazini ya Shaba, yaani Katanga, ili ijaribu fize zake. Ardhi hiyo ilikuwa karibu kilomita za mraba 100,000. Tuipime kwa macho yetu. Jimbo letu la Kivu ya Kusini lote, kutoka Kalehe hadi Fizi na Shabunda, lina karibu kilomita za mraba 65,000. Ukichukua Rwanda na Burundi ukaziunganisha, hazifiki 55,000. Ardhi kubwa kuliko nchi hizo mbili ilikabidhiwa kampuni moja, na mkataba ulipangwa kudumu hadi mwaka 2000.

Nani aliulizwa? Kijiji gani kilikaa na kujadili? Mkataba huo ulijulikana kupitia magazeti ya ng'ambo. Mkongomani alisoma juu ya ardhi yake kwa kinywa cha mgeni, tena kama alipata bahati ya kushika gazeti.

Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 17 Mei 1977. La pili, tarehe 20 Mei 1978. Angalia vizuri tarehe hiyo ya pili. Siku moja kabla yake, tarehe 19 Mei 1978, askari wa Ufaransa walikuwa wameshuka kwa parashuti Kolwezi, katika vita ya pili ya Shaba. Mkoa uleule! Kusini watu wanakimbia risasi, kaskazini chombo cha moto kinapanda angani. Je, jirani yeyote mwenye akili angeamini kwamba ni sayansi tu?

Hawakuamini. Umoja wa Kisovyeti ulipiga kelele kwamba Wajerumani wanajaribu makombora ya vita katikati ya Afrika. Nchi jirani zikaingiwa na wasiwasi. Kampuni ikasema: hapana, sisi tunataka kurusha setilaiti kwa bei nafuu. Labda ilikuwa kweli. Lakini ukweli uliotoka baada ya siri unafika umechelewa, na hakuna anayeufungulia mlango.

Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu mwenyewe akaenda kutazama. Fize ikawashwa, ikapanda kidogo, ikapinda, ikaangukia bondeni. Mwaka uliofuata, 1979, mkataba ukakatwa kwa shinikizo la kutoka nje, na kampuni ikahamia Libya. Shaba ilibaki na nini? Hakuna shule ya fize iliyoachwa, hakuna wahandisi wazalendo waliorithi kazi, wala kitabu cha hesabu. Imebaki hadithi ya wazee: «Wazungu walikuwa wakirusha kitu fulani huko.»

Sisi wa Kamanyola tunapaswa kuielewa tabia hiyo kuliko wengine. Jina la kijiji chetu lilichukuliwa baada ya mapigano ya mwaka 1964 hapa kwenye Ruzizi. Mobutu akaliweka juu ya divisheni ya jeshi, juu ya meli yake ya fahari mtoni Kongo, juu ya uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa ambao leo unaitwa Stade des Martyrs. Jina letu lilizunguka nchi nzima kwenye sherehe. Maji ya bomba hayakulifuata jina. Ndiyo maana tunaposikia «fahari ya taifa» tunauliza kwanza: na hesabu ziko wapi?

Wengine walifanyaje

Kuna njia mbili duniani, na zote mbili zimeshajaribiwa.

Ya kwanza ni ya kuficha. Tarehe 24 Oktoba 1960, kwenye uwanja wa Baikonur, roketi ya Kisovyeti ililipuka ikiwa bado chini, watu wakiizunguka. Makumi ya mafundi na askari waliteketea, pamoja na mkubwa wao, Marshal Mitrofan Nedelin. Serikali ilitangaza kwamba Marshal amekufa kwa ajali ya ndege. Wale wengine hawakutangazwa kabisa. Familia ziliambiwa zinyamaze, na nchi ikaja kuambiwa ukweli mwaka 1989, miaka 29 baadaye. Mama alizika mwanawe bila ruhusa ya kusema alikufa kwa nini.

Ya pili ni ya wazi. Tarehe 10 Agosti 1979 India, nchi iliyokuwa na maskini wengi kama sisi, ilirusha SLV-3, fize yake ya kwanza ya kupeleka setilaiti. Ikaanguka baharini. Mkuu wa shirika lao la anga, Satish Dhawan, akaketi mbele ya waandishi wa habari, akabeba lawama yeye mwenyewe, akasema watajaribu tena. Tarehe 18 Julai 1980 wakajaribu tena, wakafaulu. Siku hiyo Dhawan akamsukuma mbele kiongozi wa kazi, A.P.J. Abdul Kalam, azungumze yeye. Kalam baadaye akawa rais wa nchi. Siku ya aibu mkubwa alisimama mbele, siku ya sifa akampisha aliyefanya kazi. Mara ngapi tumeona hivyo kwetu?

Tusiende mbali sana. Hapa karibu, Kenya. Wataliani walirusha fize kutoka kwenye majukwaa ya baharini karibu na Malindi kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilitoka pale setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Wakenya hawakuridhika na jina peke yake. Waliuliza miaka mingi: sisi tunapata nini hapo? Mkataba mpya ukasainiwa mwaka 2016. Setilaiti yao ya Taifa-1 ilipokuwa tayari kurushwa kutoka Marekani mwaka 2023, safari iliahirishwa zaidi ya mara moja, na raia waliambiwa kwamba imeahirishwa. Tarehe 15 Aprili ikaruka. Hakuna aliyekufa kwa aibu ya kuahirisha.

Na mfano ambao napenda wakaaji wote wa Kamanyola waushike ni huu. Tarehe 30 Desemba 2024, kijiji cha Mukuku, Makueni, kiliangukiwa na pete ya chuma kutoka juu, upana wake karibu mita mbili na nusu, uzito karibu kilo 500. Kilo mia tano! Tarehe 1 Januari 2025, sikukuu ya mwaka mpya, shirika la anga la Kenya likatoa tangazo: ni kipande cha chombo cha angani, tumekichukua, tunachunguza, hakuna hatari. Ilichukua siku mbili tu, mkulima akajua kilichoanguka karibu na shamba lake na nani anakishughulikia.

Sasa jiulize. Kitu kama hicho kikianguka kesho usiku hapa kwetu, mtu ataita nani? Kwetu, mtu akisikia kishindo haulizi habari za sayansi. Anakamata watoto na godoro, anatafuta njia. Kabla ya asubuhi uvumi umeshavuka Ruzizi umefika Bugarama na Cibitoke, na kila upande unasema ni upande mwingine ulioanza. Mahali kama hapa, tangazo la dakika mbili redioni linaweza kuzuia watu elfu moja kulala porini.

Sheria haitatuokoa peke yake

Kuna mkataba wa dunia wa mwaka 1972 juu ya hasara zinazoletwa na vyombo vya angani. Unasema kwamba nchi iliyorusha chombo inawajibika kulipa kikileta hasara ardhini, hata bila kuthibitisha kosa lake. Ni mzuri. Lakini soma mpaka kifungu cha saba: mkataba huo hauwahusu raia wa nchi iliyorusha yenyewe. Maana yake, chombo cha mgeni kikibomoa nyumba yako, serikali yako inaweza kudai kwa ajili yako. Chombo cha nchi yako mwenyewe kikibomoa nyumba yako, mkataba unakuambia: malizaneni nyumbani.

Malizaneni nyumbani na nani, ikiwa hata siku ya kurusha hukuambiwa? Utathibitishaje kwamba kipande kilichoua ng'ombe wako kilitoka kwenye jaribio ambalo rasmi halikufanyika? Mkulima wa Menkao hana kinga nyingine zaidi ya tangazo lililoandikwa na tarehe yake. Kwake tangazo ni shahidi.

Na Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Haikusema «isipokuwa habari za juu ya kichwa chake».

Wanaopinga wanasema nini

Wanasema: ni mambo ya usalama. Sawa, hakuna anayeomba mchoro wa injini wala mchanganyiko wa mafuta. Siku, mahali, mwelekeo, eneo la hatari na matokeo si siri ya vita. Mwongozo wa The Hague wa mwaka 2002 unazitaka nchi zilizoukubali zitangaziane mapema majaribio ya makombora na ya fize za angani. Kama jirani mwenye jeshi anastahili kuambiwa, mwanamke mwenye shamba anastahili mara mbili.

Wanasema: ni kampuni ya mtu binafsi, haitudai chochote. Lakini fize haikai kwenye uzio wa mtu binafsi. Inapita juu ya vijiji na kwenye njia za ndege, na ikifaulu inaitwa ya taifa. Haiwezi kuwa ya taifa siku ya kupanda halafu ikawa ya binafsi siku ya kuanguka.

Wanasema: watatucheka tena. Watucheke! Wamarekani walianguka mbele ya kamera, Wahindi walianguka, na leo tajiri Elon Musk analipua fize zake kwenye intaneti, watu wote wanatazama, na kesho yake anaanza nyingine. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeogopa kuonekana akijaribu hatazaa wahandisi.

Wanasema pia, na hawa ni majirani zangu: tuache fize, tujenge barabara. Nawaelewa. Lakini mkumbuke Uvira, Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobeba nyumba. Mkumbuke Kalehe, Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 katika jioni moja. Vyombo vya juu vinaona mvua kabla haijafika mlimani. Nchi yenye wahandisi wanaoelewa anga inaweza kusaidia kijiji kuhama kwa wakati. Mimi nataka fize ziruke. Ndiyo sababu sitaki zirushwe kwa kificho, kwa kuwa programu ya kificho hufa kwa kificho, kama ile ya Shaba, na haiachi hata fundi mmoja.

Tunachoomba

Kwa hiyo tunaiomba serikali ya Kinshasa, wizara ya utafiti wa sayansi, wabunge wetu wa Kivu ya Kusini na kila kampuni inayorusha chombo kutoka ardhi ya Kongo, mambo matano tu:

1. Kila jaribio litangazwe mapema: siku, mahali, mwelekeo na eneo la kukaa mbali. Litangazwe kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kitshiluba na Kikongo, redioni, si kwenye karatasi ya ofisini tu. Likiahirishwa, watu waambiwe.

2. Ndani ya siku saba baada ya jaribio, matokeo yatolewe: limefaulu au limeanguka, limefika wapi, sababu gani. Hesabu zipelekwe vyuoni zikaguliwe.

3. Mkataba wowote wa ardhi au wa kurusha, na kampuni ya hapa au ya ng'ambo, uchapishwe na upite Bungeni kabla ya saini, pamoja na pesa zake. OTRAG mara moja imetosha.

4. Iwepo namba ya simu na ofisi ya kupokea habari za vitu vilivyoanguka, tena sheria ya kulipa hasara kwa raia wetu wenyewe, kwa kuwa mkataba wa dunia umewaacha nje.

5. Waandishi wa habari wa mikoani waitwe pamoja na wa televisheni za Kinshasa. Na waitwe siku zote, si siku ya ushindi tu.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mamilioni. Tangazo la redio ni bei ndogo kuliko bendera zinazopandishwa siku ya sherehe.

Mashirika ya raia ya hapa bondeni tunayaomba yaingize jambo hili katika barua wanazowaandikia wabunge, karibu na barabara na usalama. Walimu wa sekondari, waelezeni wanafunzi Menkao na Shaba, zote mbili. Na wewe mhandisi Mkongomani unayesoma haya, popote ulipo: rusha. Ukianguka, sema umeanguka na utuambie kwa nini. Sisi huku tutakuwa wa kwanza kukupigia makofi, kwa sababu tutakuwa tumejua mapema kwamba kishindo kile kilikuwa chetu.